Ubuyu Mweupe, Ubuyu Mwekundu: Namna ya Kumweleza Mtoto Mdogo Habari za Vyakula Vilivyosindikwa

Mtoto wa miaka minne hana haja ya neno "kemikali", lakini anaelewa vizuri sana habari ya kitu kilichotoka mahali fulani, kikapita katika mikono ya watu, mpaka kikafika kwenye sahani yake. Mimi nafundisha darasa la awali mkoani Tanga, na nimeona kwamba somo la vyakula vya viwandani huharibika mara nyingi kwa sababu mtu mzima huanza na hukumu, akasema hiki ni kizuri na kile ni kibaya, kabla mtoto hajapewa habari yenyewe. Mwongozo huu ni wa mzazi, mlezi au mwalimu wa watoto wa miaka mitatu hadi saba, na njia ninayoipendekeza inategemea maswali matatu ambayo mtoto anaweza kuyashika kichwani: kilitoka wapi, kilifanywa nini, na je, jikoni kwetu tungeweza kukifanya?

Kwanza jieleweshe wewe mwenyewe

Neno lenyewe, kusindika, au kushindika kama wasemavyo wengi pwani, ni la zamani kuliko viwanda. Maana yake ya asili ni kukamua mafuta ya ufuta au ya nazi kwa kinu, na huko Unguja na Lamu kinu hicho kilizungushwa na ngamia aliyefungwa macho. Mwanamke anayeanika samaki wa ng'onda juani anasindika, anayegandisha maziwa yawe mtindi anasindika, na anayechachusha togwa, anayekoboa mpunga au anayesaga mahindi naye vilevile. Ukimwambia mtoto kwamba chakula kilichosindikwa ni kibaya, umemwambia kwamba karibu kila kinachopikwa kwao ni kibaya, na hilo si kweli.

Kuna usindikaji unaookoa maisha. Chumvi tunayonunua ikiwa imetiwa madini joto hutukinga na rovu, na hukinga ubongo wa mtoto aliyemo tumboni usidumae. Maziwa yanayopashwa moto hadi nyuzi 72 za selsiasi kwa sekunde 15 kisha kupozwa haraka hupoteza vijidudu vinavyoambukiza maradhi, huku sehemu kubwa ya lishe yake ikibaki. Unga wa viwandani ulioongezwa madini ya chuma, zinki na asidi ya foliki unarudisha sehemu ya kile kilichoondolewa na mashine ya kukoboa.

Jambo linalopaswa kutushughulisha ni kiasi cha kubadilishwa na nia ya kubadilisha. Tangu mwaka 2009 Carlos Monteiro na wenzake wa Chuo Kikuu cha São Paulo nchini Brazili wamekuwa wakipendekeza vyakula vigawanywe kwa kiasi cha kusindikwa kwake, mgawanyo ambao baadaye ulikuwa wa makundi manne, na mwongozo wa chakula wa taifa la Brazili wa mwaka 2014 ulijengwa juu ya fikra hiyo. Kundi la kwanza ni vyakula vya asili au vilivyobadilishwa kidogo tu, kama ndizi, mayai, maharage, dagaa wakavu na maziwa. La pili ni vya kupikia, kama mafuta, sukari na chumvi. La tatu ni vya kundi la kwanza vilivyotiwa vya kundi la pili, kama samaki wa kopo au mkate wa unga, hamira na chumvi. La nne ni vile vilivyosindikwa kupita kiasi, ambavyo kwa sehemu kubwa havikutengenezwa kwa chakula bali kwa vitu vilivyotolewa ndani ya vyakula, kama wanga uliobadilishwa, mafuta yaliyosafishwa na sharubati ya glukosi, vikaongezwa rangi, ladha na vigandishi. Humo ndimo zilimo soda, pipi, biskuti nyingi za pakiti, soseji, tambi za kupika dakika mbili na zile poda za rangi zinazokorogwa kwa maji.

Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani walichapisha jaribio lililoonyesha kwa nini kundi hili la nne si sawa na mengine. Watu wazima 20 walikaa kwenye kituo cha utafiti, wakala vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi kwa wiki mbili na vya asili kwa wiki mbili nyingine, na chakula kilichowekwa mezani kililinganishwa kwa sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi, kila mtu akaachwa ale apendavyo. Walipokuwa kwenye vyakula vya kundi la nne walikula takriban kilokalori 500 zaidi kwa siku. Sina shaka kwamba mama yeyote aliyemwona mwanawe akimaliza pakiti nzima ya krispi kisha akaacha nusu ya muhogo wa kuchemsha amekwisha kuliona jambo hili kwa macho yake.

Haya yote ni ya kwako wewe. Usimsomee mtoto makundi manne, hayamhusu.

Neno moja la kuliepuka

Miaka kadhaa iliyopita niliwaambia watoto darasani kwamba soda na biskuti ni sumu. Nilikuwa na nia njema, na nilidhani neno kali litakaa vichwani mwao. Lilikaa. Kesho yake asubuhi bibi wa mtoto mmoja alikuja shuleni, akaketi kwenye lile benchi fupi la watoto, na baada ya kuamkiana alinieleza kwa sauti ya chini kwamba jioni ya jana alimpa mjukuu wake biskuti moja kutoka gengeni kwake, kama ampavyo kila siku, na mtoto akarudi nyuma na kumwuliza, "Bibi, kwa nini unanipa sumu?" Hakuja kunigombeza. Nilimwomba radhi yeye, na siku hiyohiyo nikawaomba radhi watoto na kuwaambia kwamba nilikosea neno.

Mtoto wa umri huu huchukua maneno kama yalivyo. Sumu kwake ni ile ya panya, inayoua usiku huohuo, na anayempa mtu sumu ni mtu mbaya. Ukiita chakula "takataka" au "uchafu" unamweka katika shida ileile, kwa kuwa kesho atakiona mkononi mwa baba yake, au ataenda kwa jirani ambako ndicho kilichopatikana siku hiyo. Maneno yaliyonifaa mimi ni mawili: chakula cha kila siku, na chakula cha mara mojamoja. Hayamtukani mtu, wala hayahitaji kufutwa mtoto akienda harusini.

Somo la ubuyu

Katika masomo yote niliyojaribu, hili ndilo linalofungua akili za watoto kuliko mengine, na kwa hiyo nitalieleza kwa kirefu. Utahitaji tunda zima la mbuyu ambalo halijapasuliwa, bilauri ya juisi ya ubuyu uliyoitengeneza nyumbani, pakiti ndogo ya ule ubuyu mwekundu unaouzwa madukani, na pipi moja nyekundu ya kijiti, ya aina yoyote, yenye maandishi yanayosema ina ladha ya tunda. Vipange mezani kwa mstari kutoka kushoto kwenda kulia, na vifunike kwa kitambaa vyote isipokuwa tunda.

Mpe mtoto tunda alishike. Mwache apapase manyoya yake laini, alipime uzito, aligonge kwa kidole na kusikiliza. Usiharakishe hapa; watoto wengi wanaokula ubuyu kila wiki hawajawahi kulishika tunda lenyewe, na nimewahi kuambiwa na mtoto wa miaka mitano kwamba ubuyu hutoka dukani kwa Mpemba. Lipasue mbele yake. Ndani ataona unga mweupe uliogandamana kuzunguka mbegu, na nyuzi nyekundu zinazoushikilia. Mpe kipande kidogo cha ule unga alambe, naye atakunja uso kwa ukali wake. Sasa uliza swali la kwanza: kilitoka wapi? Jibu analo mkononi.

Funua bilauri ya juisi. Mweleze kwamba uliloweka ule unga ndani ya maji, ukakoroga, ukachuja mbegu, ukatia sukari kijiko kimoja. Mwulize kama bado anausikia ule ukali. Atasema ndiyo, ila umepungua. Tunda lingalipo, limebadilika kidogo tu, na aliyelibadilisha anamjua.

Kisha funua ubuyu mwekundu. Mwulize mtoto ile rangi imetoka wapi, kwa maana tunda lililopo mbele yake ni jeupe. Wengine huonyesha zile nyuzi nyekundu, na hilo ni jibu la mtu anayefikiri, kwa hiyo mpongeze, kisha chukua nyuzi chache uzisugue kwenye kitambaa cheupe kilicholowa maji. Hazitoi rangi hiyo. Chukua punje moja ya ubuyu mwekundu uisugue palepale, na kitambaa kitabaki na doa kama la wino. Sasa mweleze kazi iliyofanyika: mtu alichemsha sukari kwa maji kidogo mpaka ikawa nzito, akatia rangi ya unga, iliki na pengine pilipili, akamimina mbegu za ubuyu, akakoroga mpaka kila punje ikavaa koti. Neno hilo la koti watoto hulipenda, na ndilo litakalorudi vinywani mwao baadaye wanapoiona karanga iliyopakwa sukari. Rangi imeingia kwa sababu moja tu, nayo ni macho, kwani ukiifumba pua yako na macho yako huwezi kuitambua rangi kwa ulimi.

Mwisho, pipi. Soma kwa sauti maneno ya kwenye karatasi yake, kisha uliza: tunda liko wapi? Watoto hulitafuta kweli. Wataivunja kwa kijiko, watainusa, watailoweka ndani ya maji na kuona maji yakigeuka mekundu na kijiti kikabaki. Hakuna mbegu wala nyuzi. Harufu ya tunda ipo, picha ya tunda ipo, na tunda lenyewe halimo. Hapo swali la tatu linajijibu: je, jikoni kwetu tungeweza kuifanya? Kwa tunda, ndiyo. Kwa juisi, ndiyo. Kwa ubuyu mwekundu, ndiyo ikiwa tutanunua rangi. Kwa pipi hii, hapana, kwa kuwa hatuna hizo ladha za chupa wala mashine.

Angalizo moja la usalama ambalo halipaswi kusahaulika: mbegu za ubuyu na pipi ngumu zinaweza kumkaba mtoto mdogo. Chini ya miaka minne wape unga wenyewe au juisi tu, na pipi iwe ya kutazamwa na kuvunjwa.

Si lazima liwe ubuyu. Aliye Muheza atatumia chungwa, aliye mbali na pwani atatumia embe lililoiva, juisi ya embe ya nyumbani na kile kinywaji cha boksi kinachosema kina ladha ya embe. Hata punje ya mahindi inatosha: iloweke usiku mzima, kesho imenye kwa ukucha mbele ya mtoto, umwonyeshe ganda, kiini na ule wanga mweupe, kisha mweleze kwamba kwenye dona vyote vitatu vimo, na kwenye sembe ganda na kiini vimeondolewa, navyo ndivyo vilivyobeba sehemu kubwa ya vitamini. Akiuliza kwa nini watu waviondoe, mjibu ukweli: kiini kina mafuta, na mafuta hayo huufanya unga uharibike mapema, kwa hiyo sembe hudumu zaidi dukani. Mtoto anapaswa kujua kwamba aliyesindika alikuwa na sababu.

Vijiko vya sukari

Somo hili ni la mtoto anayeweza kuhesabu mpaka kumi. Chukua chupa tupu ya soda ya mililita 300, bilauri mbili zinazoonyesha ndani, bakuli la sukari na kijiko cha chai. Wewe soma lebo kabla hamjaanza. Ikiwa imeandikwa gramu 11 za sukari kwa kila mililita 100, basi chupa nzima ina gramu 33, na kwa kuwa kijiko cha chai kilichosawazishwa hubeba takriban gramu nne, hesabu yako ni vijiko vinane na kidogo juu yake.

Mwache mtoto achote mwenyewe na kuhesabu kwa sauti, akimimina kwenye bilauri ya kwanza. Kufikia kijiko cha tano wengi husimama na kukutazama, wakidhani umekosea hesabu. Mwambie aendelee. Kisha fanya vivyo hivyo kwenye bilauri ya pili, uijaze maji na kukoroga mpaka sukari isionekane. Hili la bilauri mbili ni la lazima, kwa sababu mtoto wa miaka minne huamini kwamba kilichoyeyuka kimeondoka. Ziache bilauri zote mbili barazani. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo hatukuhitaji maelezo zaidi, maana kabla ya adhuhuri sisimizi walikuwa wamepanga mstari kutoka kwenye ufa wa ukuta mpaka kwenye ile bilauri ya maji, na watoto waliinama kuwatazama kwa muda mrefu, wakasema wenyewe kwamba sukari ingalimo, sisimizi wameiona.

Ili ujue uzito wa jambo unalofundisha, fahamu kwamba Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linataka sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati yote ya siku, na ikiwezekana isifike asilimia tano. Mtoto anayehitaji kilokalori 1,300 kwa siku hufika kwenye ile asilimia 10 akinywa chupa hiyo moja. Kwa walio chini ya miaka miwili, mwongozo wa shirika hilo wa mwaka 2023 unashauri wasipewe kabisa vinywaji vilivyotiwa sukari.

Mtoto mwerevu atakuuliza kama chungwa nalo halina sukari, na usimdanganye. Chungwa la wastani lina takriban gramu 12, ila imefungwa ndani ya nyama ya tunda pamoja na nyuzinyuzi, na ili kuifikia sukari ya chupa moja ingempasa ale machungwa karibu matatu. Mpe machungwa matatu aone. Kwa kawaida la pili halimaliziki. Lakini nawe ujue, kwa kuwa wazazi wengi hushangaa wanapoelezwa, kwamba sukari ya juisi uliyoikamua kwa mkono wako nyumbani nayo inaingia kwenye hesabu ile ya Shirika la Afya Duniani, na ile ya tunda zima haiingii.

Akiuliza kwa nini basi iwe mara mojamoja tu, sababu inayomfikia mtoto ni ya meno. Mdomoni kuna vijidudu vidogo visivyoonekana, vinapenda sukari kama wale sisimizi, na vikiila hutoa tindikali inayotoboa jino. Hiyo ni kweli tupu, na jino lililotoboka huonekana kwa kioo. Habari za kisukari na shinikizo la damu zisubiri. Mtoto wa miaka mitano hawezi kuogopa jambo la miaka arobaini ijayo kwa namna itakayomsaidia, ataogopa tu.

Pakiti ina maneno

Mtoto wa miaka sita au saba anayejua herufi yuko tayari kusoma pakiti pamoja nawe. Mfundishe kanuni moja tu: viambato hupangwa kwa uzito, kilicho kingi ndicho cha kwanza. Kwenye pakiti ya biskuti za maziwa tafuteni maziwa yako wa ngapi, na sukari iko ya ngapi. Mara nyingi maandishi huwa ya Kiingereza, kwa hiyo msomee na kumfasiria, naye ahesabu kwa vidole. Mwonyeshe pia tofauti ya "juisi ya embe" na "kinywaji chenye ladha ya embe". Neno ladha likitangulia, mtoto atajua kwamba inampasa kulitafuta tunda.

Kuhusu zile namba zinazoanza na herufi E, nakuomba usimtishe nazo. E102 ni rangi ya njano iitwayo tatrazini, lakini E330 ni asidi ya sitriki, ileile inayoipa ndimu ukali wake, na E300 si kingine ila vitamini C, ambayo ule unga mweupe wa ubuyu unayo kwa wingi. Namba ni jina tu. Kinachoeleza habari ni urefu wa orodha na idadi ya vitu ndani yake ambavyo havipatikani jikoni kwa mtu yeyote unayemjua.

Picha za pakiti zina nguvu kuliko maneno yake, hasa zile za katuni. Chile ililitambua hilo, na sheria iliyoanza kutekelezwa huko mwaka 2016 iliondoa wahusika wa katuni kwenye pakiti za vyakula vyenye sukari, chumvi au mafuta mengi kupita kipimo, ikaweka mahali pake alama nyeusi ya pembe nane ambayo hata asiyejua kusoma anaitambua. Ambako alama hiyo haipo, fanya kazi yake kwa mdomo wako. Mtoto akisema anataka ile yenye simba, mwulize: simba huyu anakula biskuti? Nani alimchora hapa, na alitaka sisi tufanye nini? Nimeona watoto wa miaka mitano wakijibu swali hili la pili bila kusaidiwa: "Alitaka tununue."

Maswali utakayoulizwa

"Mbona wewe unakunywa soda?" Hili litakuja, tena mbele ya wageni. Jibu lisiwe kwamba wewe ni mtu mzima. Mwambie ukweli kwamba unaipenda, kwamba ni ya mara mojamoja kwako pia, kisha iwe hivyo kweli. Wengi wetu tuliokulia vijijini tuliijua soda kuwa ni kinywaji cha Idi, cha Krismasi na cha harusi, na hakuna aliyetuhutubia juu yake. Ilikuwa ya sikukuu kwa sababu nyumbani haikuwapo siku nyingine.

"Mbona mwenzangu anakuja na krispi kila siku?" Hapa mzazi anaweza kumjeruhi mtoto wa mwenzake bila kujua. Usimwambie kwamba mama yake mwenzake hajui. Kuna mama anayeondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, na pakiti ya shilingi mia kadhaa ndiyo inayohakikisha mtoto hashindi njaa. Mwambie: kila nyumba ina utaratibu wake, na sisi kwetu tunabeba viazi vitamu. Kisha vifanye hivyo viazi vya kubeba viwe vitamu kweli, vikatwe vipande vya kushikika, vitiwe chumvi kidogo, kwa kuwa mtoto aliyepewa kiazi baridi kilichokauka amekwisha kushindwa kabla ya mapumziko.

Suala la mtoto kukataa chakula cha asili wazazi wengi hulitatua kwa ahadi: ukimaliza mchicha nitakupa biskuti. Naelewa uchovu unaoleta ahadi hiyo, lakini inamfundisha mtoto kwamba mchicha ni adhabu na biskuti ni zawadi, na inabomoa kila ulichokijenga kwa ubuyu na vijiko. Weka mchicha kidogo sana mezani, ule wewe mwenyewe mbele yake, usimlazimishe, uurudishe tena kesho kutwa. Mara nane, kumi, hata kumi na tano za kuonja si nyingi kwa ulimi wa mtoto. Wengi wetu hukata tamaa kwenye ya tatu.

Na kwa bibi na babu, nenda ukazungumze nao kabla mtoto hajaenda na mafundisho yake. Nenda kwa heshima, ukaombe msaada badala ya kupeleka amri. Yule bibi wa biskuti aliishia kuwa mwalimu mwenzangu: nilimwomba aje darasani awaonyeshe watoto namna ng'onda wanavyopasuliwa, kutiwa chumvi na kuanikwa, na hakuna siku watoto walipouliza maswali mengi kama siku hiyo. Mmoja alitaka kujua ni nani aliyewafundisha samaki kukauka bila kuoza.

Kuna maswali ambayo hutakuwa na jibu lake. Sema hujui, kisha mkatafute siku hiyohiyo, kabla hamu yake haijapoa. Mtoto mmoja aliniuliza krispi za muhogo hukatwaje zikawa nyembamba vile. Tulichukua muhogo mmoja, kisu na ubao wa kukatia, mimi nikikata na wao wakipima kwa macho, na kila kipande nilichojitahidi kukipunguza kilitoka kinene kama kidole gumba cha mtoto. Alikiweka kimoja kando ya krispi ya dukani, akavitazama vyote viwili kwa muda, akasema, "Mwalimu, huko kuna mashine."